Sanduku la Langoni: Historia ya Ruta za Redio ya Ridhaa, Ikitazamwa kutoka Ruziba

Swali lililozaa insha hii ni la dukani zaidi kuliko la darasani: kikundi cha wanafunzi wanaoishi Ruziba kikitaka kuunganisha redio ya ridhaa na intaneti, kinunue ruta gani? Wenzetu wa uhandisi hulijibu swali hili kwa kutaja kasi ya prosesa na ukubwa wa kumbukumbu. Mimi nasoma historia, na ninadai kwamba swali hilihili limekwisha kujibiwa mara kadhaa katika Afrika Mashariki na Maziwa Makuu tangu miaka ya 1980, kila mara kwa sanduku tofauti, na kwamba kasi haikuwa sababu kubwa hata mara moja. Sababu zilikuwa umeme, sheria, na nani mwenye uwezo wa kulifungua sanduku na kulibadili.

Kwanza nieleze tunazungumza kutoka wapi. Ruziba ni karitie ya zoni ya Kanyosha, kusini mwa Bujumbura, kwenye barabara ya taifa namba 3 iendayo Rumonge. Upande mmoja ni ziwa Tanganyika, upande mwingine milima inaanza kupanda. Maji ya ziwa yamepanda sana tangu mwaka 2018, na wakazi wa Gatumba na wa karitie nyingi za ufukweni wamehama makwao. Mvua kubwa ikinyesha, kinachokatika kwanza ni umeme. Baada ya saa chache betri za minara ya simu nazo huisha, na mtu aliye upande huu wa mto hana njia ya kumjulisha aliye upande ule. Zamani jibu lilikuwa jenereta. Tangu uhaba wa mafuta ulipoanza kutusumbua, jenereta imekuwa pambo la uani. Ndiyo maana wazo la kituo kidogo cha redio, chenye mlango wa kutokea kwenye intaneti, limezungumzwa kwetu kwa uzito.

Redio ya ridhaa ni huduma inayotambuliwa na Umoja wa Mawasiliano wa Kimataifa, ITU. Mtu hupewa leseni na serikali yake, hupewa jina la kituo, na huruhusiwa kurusha mawimbi kwa ajili ya kujifunza na kuwasiliana na wenzake bila malipo. Jina la kituo linabeba historia. Wakati wa Wabelgiji, vituo vya Kongo vilianza na OQ5 na vya Ruanda-Urundi vilianza na OQ0. Wanaokusanya mawasiliano na nchi za mbali bado wana kwenye orodha zao nchi iliyokufa iitwayo Ruanda-Urundi, inayohesabiwa kwa mawasiliano yaliyofanyika kati ya tarehe 1 Julai 1960 na tarehe 30 Juni 1962 tu. Siku iliyofuata Burundi ilikuwa huru. Leo vituo vya Burundi huanza na 9U, vya Rwanda 9X, vya Kongo 9Q, vya Tanzania 5H. Anayetoa ruhusa kwetu ni ARCT, mamlaka ya kudhibiti mawasiliano. Kwa muda mrefu majina mengi ya 9U yaliyosikika hewani yalikuwa ya wageni: wamisionari, wafanyakazi wa mashirika, na wasafiri wanaokuja wiki mbili na antena zao kisha wanaondoka nazo. Silisemi hili kwa lawama, ila linaeleza kwa nini elimu ya vyombo hivi haikubaki mikononi mwetu.

Sanduku la kwanza halikuitwa ruta. Tarehe 31 Mei 1978, wanaredio wa ridhaa wa Montreal, Kanada, walirusha kwa mara ya kwanza ujumbe uliokatwakatwa katika pakiti, yaani vipande vidogo ambavyo kila kimoja hubeba anwani ya mtumaji na ya mpokeaji. Wazo lenyewe lilikuwa limekwisha kujaribiwa katika Chuo Kikuu cha Hawaii mwaka 1971 kwa mtandao wa ALOHAnet. Walichofanya Wakanada, na baada yao kikundi cha Tucson, Arizona, kilichoitwa TAPR, ni kuliteremsha hadi kwenye meza ya mtu wa kawaida. Mwaka 1984 itifaki yao, AX.25, ilipata toleo la pili, na mwaka 1985 TAPR wakatoa sanduku la TNC-2: prosesa ya Z80, kumbukumbu ndogo, na modemu ya biti 1200 kwa sekunde. Upande mmoja uliunganishwa na redio, upande mwingine na kompyuta.

Biti 1200 kwa sekunde ni herufi 150. Barua ya herufi 3000 huchukua sekunde 20 ikiwa hakuna mwingine anayetumia masafa hayo, na kwa kawaida huchukua mara mbili au tatu ya hapo. Kwa barua, hiyo ni kasi ya kutosha. Lakini ukurasa wa wavuti wa leo wenye megabaiti mbili ungechukua karibu saa nne. Tofauti hiyo inafaa kukumbukwa kila mtu anaposema neno lango, kwa sababu lango la barua na lango la wavuti ni milango miwili tofauti, japo sanduku linaweza kuwa lilelile.

Sanduku hilo liligeuka ruta kwa sababu ya programu. Mmarekani Phil Karn, mwenye jina la kituo KA9Q, aliandika katikati ya miaka ya 1980 programu iliyoiwezesha kompyuta ndogo kuzungumza lugha ya intaneti, TCP/IP, kupitia redio. Kabla yake, mwaka 1981, Hank Magnuski alikuwa amepata kwa niaba ya wanaredio wa ridhaa wa dunia nzima fungu zima la anwani za intaneti, zile zote zinazoanza na 44. Ni anwani 16,777,216. Wakati huo zilitolewa bure kwa sababu hakuna aliyedhani zitaisha. Lango kuu kati ya anwani hizo na intaneti liliwekwa katika Chuo Kikuu cha California, San Diego, na vituo vingine vikaunganishwa nalo kwa mahandaki, yaani pakiti ya redio kufungwa ndani ya pakiti ya kawaida ya intaneti kama barua ndani ya bahasha ya pili. Ruta ya mwanaridhaa wa miaka hiyo ilikuwa kompyuta kuukuu ya MS-DOS iliyowekwa chini ya meza, yenye programu ya KA9Q kwenye diski laini, waya mmoja ukienda kwenye TNC na mwingine kwenye simu. Iliyoachwa na ofisi kwa kuwa nzito na ya kizamani ndiyo ilichaguliwa, maana ilikuwa ya bure.

Huku kwetu mambo yalikwenda kwa njia nyingine, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu sura hii husahaulika kila historia ya intaneti ya Afrika Mashariki inapoanzia kwenye kebo za baharini za mwaka 2009.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 barua pepe ya Afrika Mashariki ilitembea kwa FidoNet, mtandao uliobuniwa na Tom Jennings huko Marekani mwaka 1984, ambamo kompyuta hupigiana simu usiku, hupeana barua, kisha hukata. Mradi wa ESANET, kwa fedha za shirika la Kanada la IDRC, uliunganisha kwa njia hiyo vyuo vikuu vya Nairobi, Makerere, Dar es Salaam, Zambia na Zimbabwe. Lakini simu zenyewe zilikuwa mbovu na za bei kali. Hospitali ya wilaya isiyo na laini ya simu ingefanya nini?

Jibu lilitoka kwa wanaridhaa. Chuo Kikuu cha Surrey, Uingereza, kilikuwa kikitengeneza satelaiti ndogo kwa ushirikiano na wanaredio wa ridhaa. UoSAT-2, iliyorushwa tarehe 1 Machi 1984, ilikuwa na kifaa cha majaribio cha kupokea ujumbe, kuutunza, na kuuteremsha ikifika mahali pengine. Tarehe 22 Januari 1990 ikarushwa UoSAT-3, ambayo wanaridhaa waliiita OSCAR-14. Ilifanya kazi kwa biti 9600 kwa sekunde. Kwa miezi 18 ya kwanza ilitumiwa na wanaridhaa, kisha ikakabidhiwa shirika la VITA la Marekani kwa ajili ya kubeba ujumbe wa Afrika. Shirika jingine, SatelLife, lililoanzishwa na daktari wa moyo Bernard Lown, lilijenga juu ya mbinu hiyohiyo mtandao wa madaktari ulioitwa HealthNet, uliofika Zambia, Tanzania, Uganda na nchi nyingine za bara. Mwezi Septemba 1993 satelaiti yake yenyewe, HealthSat-2, ikaenda angani.

Fikiria namna ilivyofanya kazi. Satelaiti inazunguka kwa kupita juu ya ncha za dunia, kwenye kimo cha kilomita 800 hivi, na humaliza mzunguko mmoja kwa dakika 100 na kidogo. Anayekaa karibu na ncha huiona karibu kila mzunguko. Sisi tulio karibu na ikweta huiona mara chache tu kwa siku, na kila mara haizidi robo saa. Katika dakika kumi nzuri, kwa biti 9600, zinapita kilobaiti 720 tu. Daktari aliyeuliza swali asubuhi alipata jibu jioni au kesho yake. Ukilinganisha na barua ya posta iliyochukua wiki tatu, au na safari ya basi, hiyo ilikuwa neema.

Chombo cha chini kilikuwa nini? Redio ya masafa ya VHF na UHF, antena, modemu ya 9600, na kompyuta ya mezani. Ninachotaka wasomaji wakione ni kwamba waliochagua vyombo hivyo hawakutafuta bora kuliko vyote. Walichukua itifaki ya FidoNet kwa sababu ilivumilia kukatika. Walichukua AX.25 kwa sababu wanaridhaa walikuwa wamekwisha kuandika programu zake na kuzigawa. Teknolojia hiyo haikuwa mali ya kampuni yoyote, na ndiyo sababu iliweza kutoka mikononi mwa watu wa Surrey na Tucson hadi kwenye chumba cha hospitali barani Afrika bila kupita kwenye idara ya mauzo. OSCAR-14 yenyewe, baada ya kompyuta yake ya kutunza ujumbe kuchoka, ilirudishwa kwa wanaridhaa mwaka 2000 kama mtambo wa kurudia sauti, ikafa mwaka 2003.

Sanduku la pili liliingia kwa njia ya vita. Rais Ndadaye aliuawa tarehe 21 Oktoba 1993, na mamia ya maelfu ya Warundi wakakimbia. Mwishoni mwa Aprili 1994 watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda kuingia Ngara, Tanzania, kwa muda wa siku moja hivi, na Julai mwaka huo ikawa zamu ya Goma. Mashirika ya misaada yalihitaji kupeleka orodha, hesabu za chakula na taarifa za kipindupindu kutoka mahali pasipo na simu wala umeme. Hapo ikatumika PACTOR. Mbinu hii ilibuniwa na wanaridhaa wawili wa Kijerumani na kuanza kutumika mwaka 1991. Inapitisha maandishi kwenye masafa ya HF, yale yanayoruka mamia ya kilomita kwa kuakisiwa na anga la juu. UNHCR na Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu walikuwa miongoni mwa watumiaji wake wakubwa, na WFP baadaye ilikuwa na mfumo wake wa barua pepe za redio ulioitwa Deep Field Mailing System. Wazee wetu wa Bujumbura wanayakumbuka magari meupe yenye antena ndefu iliyofungwa kamba mbele kama fimbo ya kuvulia. Wengi hawakujua kwamba ndani ya ofisi antena kama ile ilikuwa ikituma barua pepe.

Kati ya Julai 1996 na Januari 1999 Burundi iliwekewa vikwazo na majirani zake. Katika miaka hiyo chombo kikiharibika hakikuwa na kipuri. Kwa mwanahistoria wa teknolojia, vikwazo ni kipimo kizuri, kwa kuwa vinaonyesha sanduku gani linaweza kutengenezwa na fundi wa Buyenzi na gani haliwezi. Modemu za PACTOR za matoleo yaliyofuata zilikuwa imara na za ajabu kwa ubora, lakini zilikuwa mali ya mtengenezaji mmoja, zimefungwa, na bei yake ilizidi uwezo wa mtu binafsi huku kwetu. Mashirika yalipohama au kupata satelaiti za VSAT, masanduku hayo yaliondoka nayo. Nikiulizwa kwa nini Burundi haikurithi mtandao wa redio wa miaka ya 1990 ingawa ilikuwa imejaa redio, jibu langu ni hilo zaidi ya jingine lolote: ulikuwa mtandao wa wenye leseni za mashirika, uliojengwa kwa vyombo visivyofunguka.

Sanduku la tatu lina hadithi ambayo ningependa kila mnunuzi wa vitu vya mitumba aijue. Mwezi Desemba 2002 kampuni ya Linksys ilitoa ruta ya nyumbani iliyoitwa WRT54G, ya rangi ya buluu na nyeusi, yenye antena mbili. Mwaka uliofuata Linksys ilinunuliwa na Cisco. Watu waliochunguza ruta hiyo waligundua kwamba ndani yake mlikuwa na Linux, programu huria ambayo leseni yake humlazimisha anayeisambaza atoe pia maandishi ya programu yenyewe. Kampuni ikabanwa, ikayatoa mwaka 2003. Januari 2004 ukaanza mradi wa OpenWrt, na kuanzia hapo kifaa cha bei ndogo kiliweza kufanya kazi za ruta ya maelfu ya dola.

Wanaridhaa wakaona walichokuwa wakikingoja. Sehemu ya masafa ya 2.4 GHz inayotumiwa na Wi-Fi inaingiliana na masafa ya ridhaa, ambayo katika eneo letu la ITU, Afrika na Ulaya, hufika hadi 2450 MHz kwa daraja la pili. Kwa hiyo chaneli za chini za ruta hiyo zingeweza kutumiwa kwa sheria za ridhaa, pale serikali inaporuhusu. Kikundi cha Texas, karibu na mwaka 2010, kiliandika programu ya kugeuza WRT54G kuwa nodi ya mtandao unaojipanga wenyewe. Kutoka hapo ukazaliwa mradi wa AREDN, ambao leo unatumia vifaa vya Ubiquiti, MikroTik na vingine.

Sasa sikiliza kilichotokea dukani. Mwishoni mwa mwaka 2005 WRT54G ilitolewa toleo la 5. Jina lilelile, sanduku lilelile, bei ileile. Ndani, kumbukumbu ya kudumu ilipunguzwa kutoka megabaiti 4 hadi 2, kumbukumbu ya kazi kutoka 16 hadi 8, na Linux ikaondolewa. Waliopiga kelele waliuziwa toleo jingine, WRT54GL, ambalo kwa kweli lilikuwa lile la zamani lenye herufi moja zaidi. Anayenunua mtumba leo, iwe Bujumbura au Dar es Salaam, hana budi kuligeuza sanduku na kusoma namba ya toleo chini yake kabla ya kutoa pesa. Fundi mmoja wa Buyenzi, ambaye sote tunamwita baba mkubwa, ana rafu nzima ya ruta hizi. Anazipanga kwa namba ya chini wala hatazami picha ya juu, na hakuwahi kusoma historia yake popote; aliijua kwa kuona zipi zinakubali kubadilishwa na zipi zinakataa.

Kuhusu Raspberry Pi, iliyotoka mwaka 2012, nitasema machache. Ni kompyuta ndogo inayoweza kuwa TNC, ruta na sanduku la barua kwa pamoja, kwa programu huria kama Direwolf ambayo inafanya kazi ya modemu ya zamani kwa hesabu tu. Udhaifu wake unajulikana kwa yeyote anayeishi na umeme wa kukatika: kadi yake ya kumbukumbu huharibika ukikatwa ghafla inapoandika.

Kabla ya kufika kwenye uamuzi, inabidi kutazama ng'ambo. Kwenye kisiwa cha Idjwi, ziwa Kivu, ulijengwa katikati ya miaka ya 2010 mtandao wa jamii uitwao Pamoja Net, kwa msaada wa shirika la Ensemble Pour la Différence. Intaneti huvuka ziwa kwa redio, na watu wa kisiwa huipata kwa Wi-Fi. Mwenzetu mmoja wa kikundi aliuliza, kwa haki kabisa, kwa nini tusifanye hivyo badala ya kuhangaika na leseni za ridhaa. Ulikuwa mjadala mkali, na nadhani ulikuwa mjadala wa kihistoria bila wenyewe kujua. Pamoja Net si redio ya ridhaa. Inawahudumia wakulima, wafanyabiashara, wanafunzi, na inaweza kutoza ada. Lango la ridhaa haliwezi. Kanuni za ITU zinataka mawasiliano ya ridhaa yasiwe ya biashara, na tangu mkutano wa Geneva wa mwaka 2003 zinasema wazi kwamba ujumbe kati ya vituo vya ridhaa vya nchi tofauti usifichwe maana yake kwa msimbo. Mkutano huohuo uliacha kila nchi iamue yenyewe kama mtahiniwa lazima ajue Morse.

Kanuni hiyo ya kutoficha ndiyo imegeuza uchaguzi wa ruta katika miaka ya karibuni. Wavuti wote siku hizi umefungwa kwa usimbaji. Ukifungua benki, barua pepe au gazeti, data inapita ikiwa imefichwa. Kwa mtumiaji ni ulinzi. Kwa lango la ridhaa ni kosa la kisheria likivuka hewani. Ruta ya kawaida husifiwa kwa kupitisha kila kitu, lakini ya ridhaa inahitaji kujua kukataa: barua za wazi zipite, taarifa za mahali na hali ya hewa zipite, yaliyofichwa yazuiwe. Ruta ya bure inayotolewa na kampuni ya simu pamoja na laini haina uwezo huo, au inao lakini imefungiwa.

Ruta hizo za kampuni zina kasoro nyingine. Mahandaki ya zamani ya anwani za 44 hutaka kila upande uwe na anwani ya intaneti inayoonekana kutoka nje. Intaneti ya simu, ambayo ndiyo wengi wetu tunaitumia, kwa kawaida huwaweka maelfu ya wateja nyuma ya anwani moja. Handaki halipiti. Lazima ruta iweze kufungua handaki la aina ya VPN kutoka ndani kwenda nje, na kubeba anwani za 44 humo. Anwani zenyewe nazo zimepungua. Mwaka 2019 taasisi inayozisimamia, ARDC, iliuza robo yake, anwani 4,194,304, kwa Amazon, kwa zaidi ya dola milioni 100. Fedha hizo zinatoa ruzuku kwa miradi ya redio na elimu. Wapo wanaridhaa walioona kwamba kilichouzwa kilikuwa amana ya wote, wakiwemo ambao hawakuwa wamezaliwa, na mimi naelekea upande wao. Fungu lilitengwa mwaka 1981 kwa ajili ya dunia nzima, likauzwa kabla sehemu kubwa ya dunia haijapata nafasi ya kulitumia.

Turudi kwenye umeme, kwa kuwa hapo hesabu haina itikadi. Betri ya volti 12 na amperi-saa 100 ina wati-saa 1200, na ukitaka idumu usitumie zaidi ya nusu, yaani 600. Kompyuta ya mezani ya mtindo wa KA9Q, hata bila skrini, ikila wati 60, itazima baada ya saa 10. Ruta ya wati 6 itakaa saa 100. Ongeza redio ya VHF: inaposikiliza hula wati 6 hivi, inaporusha hula 80, lakini ikirusha dakika moja kati ya ishirini wastani wake wa kurusha ni wati 4. Jumla ni wati 16, na betri moja inafikisha saa 37 bila jua. Mvua zetu huweza kufunika anga siku mbili. Kwa hiyo betri mbili na paneli, na kila wati inayookolewa kwenye ruta ni saa mbili na zaidi za kusikilika.

Kwa mizani hiyo, tumeelekea kwenye ruta ndogo ya MikroTik, ya kampuni ya Riga, Latvia. Mafundi wa hapa wanaijua kwa sababu watoa huduma wadogo wa kanda nzima wanaitumia. Baadhi ya aina zake hupokea volti 10 hadi 28 moja kwa moja, kwa hiyo haihitaji kibadilishi kati yake na betri. Inajua kuzuia na kuruhusu kwa kanuni unazoandika mwenyewe. Programu yake si huria, na hilo ni doa nisilotaka kulificha baada ya kuilaumu PACTOR kwa jambo hilohilo; lakini aina kadhaa hukubali kuwekewa OpenWrt au AREDN siku mtengenezaji akibadili nia, na tumeamua kununua mojawapo ya hizo tu. Kazi ya pakiti itafanywa na Raspberry Pi moja kuukuu, ikiwa imewekwa ili isiandike kwenye kadi yake inapokuwa kazini.

Mlingoti nao una hesabu yake. Milingoti miwili ya mita 15, mmoja ufukweni kwetu na mwingine upande wa Uvira, huonana kwa redio hadi kilomita 30 na ushee juu ya maji, na ziwa hapa ni jembamba kuliko hivyo. Lakini upande wa pili ni nchi nyingine yenye jina jingine la kituo na mamlaka nyingine. Mkataba wa Tampere wa mwaka 1998, ulioanza kutumika tarehe 8 Januari 2005, uliandikwa ili kurahisisha vyombo vya mawasiliano kuvuka mipaka wakati wa maafa, kwa nchi zilizoukubali. Katika siku za kawaida kila upande unahitaji ruhusa yake.

Baba mkubwa amekubali kupima betri. Barua ya kuomba leseni imeandikwa, na nafasi moja ndani yake bado iko wazi. Leseni ya ridhaa hupewa mtu, na mtu huyo ndiye atakayeitwa ikiwa kituo kitapitisha kisichoruhusiwa. Tuko wanne, na bado hatujaamua ni jina la nani litakaloandikwa hapo.